Njia ya Tatu

Kwa miaka mingi nimelieleza kosa langu kwa namna moja, na watu wamecheka. Nimesema kwamba nilikuwa mwanakwaya kabla sijawa kitu kingine chochote, na kwamba mwanakwaya wa usharika wa mlimani akikabidhiwa mashine yenye njia nne za kunasia sauti, haoni njia nne. Anaona sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Atazisawazisha. Atahakikisha hakuna inayotokeza juu ya nyingine, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa tangu utotoni, kwa fimbo ya mwalimu wa kwaya iliyogonga ukingo wa benchi kila mtoto alipojisahau akaimba kwa furaha yake mwenyewe. Kwa hiyo nilipouchanganya wimbo wa roki wa mdogo wangu, niliuchanganya kama wimbo wa Pasaka, na mwimbaji akazama.

Maelezo hayo ni ya kweli. Ubaya wake ni kwamba hayajakamilika.

Mashine ilinifikia katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari mjini Moshi. Aliniachia mwalimu wa hisabati wa kujitolea, Mzungu mpole ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha na mizigo yake ilikuwa mingi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsahihishia barua zake za Kiswahili. Lilikuwa sanduku la kijivu, upana wake kama sinia ya chai, lenye mlango wa kanda upande mmoja na vishikio vinne vya kuteleza upande mwingine. Kanda yenyewe ilikuwa ileile ya kawaida tuliyoinunua madukani kwa ajili ya mahubiri na nyimbo za kwaya. Lakini sanduku lile liliigawa kanda njia nne, na kila njia ikashika sauti yake peke yake. Ungeweza kunasa dramu leo, kesho ukazisikiliza huku ukinasa gitaa pembeni yake, keshokutwa mtu akaimba juu ya vyote viwili. Mwishowe ungekaa na vishikio vyako, ukipandisha hiki na kushusha kile, na uamuzi wa mkono wako ndio ambao watu wote wangeusikia.

Pamoja na mashine alinipa kijitabu cha maelekezo, kwa Kiingereza. Katika nyumba yetu aliyeweza kukisoma alikuwa mimi peke yangu.

Tulikuwa watoto wawili. Kwetu ni juu ya mji mdogo wa Kwa Sadala, mahali ambapo barabara inaacha vumbi na kuanza utelezi, na kihamba cha baba, shamba letu la urithi, kilikuwa na migomba na mibuni kama vihamba vyote vilivyotuzunguka. Nilipochaguliwa kwenda chuo, mdogo wangu alikuwa anamaliza darasa la saba. Baba alimketisha barazani akamwambia asubiri mwaka mmoja. Kahawa ikipanda bei ataendelea na masomo. Nilikuwepo, nikifunga sanduku langu la safari. Mdogo wangu aliitikia, "Sawa, baba," akarudi kumenya ndizi. Kahawa haikupanda. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao juu ya pikapu, wakaondoka, majirani wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya, baba akafariki akiwa bado anangoja, na mwaka ule mmoja ukawa maisha yote ya mdogo wangu.

Alichokuwa nacho ni sauti. Siyo sauti tamu. Sauti tamu zilijaa usharika mzima. Yake ilikuwa na ukingo, kama kopo lililofunguliwa kwa kisu, na ilipopanda ilipasuka kidogo mahali fulani, nawe ukajikuta unangoja mpasuko ule urudi. Mwalimu wa kwaya alimweka safu ya nyuma kabisa, ukutani, na bado fimbo iligonga. "Wewe binti, unaimbia nani? Bwana Mungu hana tatizo la masikio." Watu walicheka. Mimi niliimba sauti ya pili, safu ya mbele. Siku moja nilipomuuliza mwalimu kama ningeweza kupewa ubeti wa kuongoza, alinijibu kwa wema kabisa kwamba sauti yangu ni ya kujazia. Kwamba bila sauti kama yangu kwaya ina mashimo, lakini hakuna anayekwenda kanisani kusikiliza kijazio. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nimesahau mengi ya umri ule, lakini hilo halikunitoka.

Aliyetuletea roki ni mpagazi wa mlimani. Alikuwa kijana wa jirani yetu, aliyepanda na kushuka na mizigo ya watalii hadi wakamzoea, na mmoja wao alimwachia gitaa la umeme na mfuko wa kanda. Alijifunza kwa kusikiliza, na alicheza kama anayesukuma jiwe mlimani. Kwenye dramu tulikuwa na fundi seremala wa mtaa wa Majengo aliyepiga ngoma katika bendi ya vijana ya kanisa, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Wimbo ulikuwa wa mdogo wangu. Aliutunga akichota maji, na ulihusu mfereji: jinsi mwenye kihamba cha juu anavyoziba mfereji kwa majani ya mgomba maji yakamfuata yeye, na walio chini wakiamka wanakuta kokoto. Kiitikio kilisema, *Aliye juu kageuza maji, wa chini tunahesabu mawe.* Niliusifu. Nilisema ni picha nzuri ya hali ya wakulima. Sikujiuliza aliye juu ni nani.

Redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza, na kituo kimoja kipya kule Arusha kilikuwa na kipindi cha Jumapili alasiri kilichopiga kanda za vikundi visivyojulikana. Mtangazaji alikuwa ameahidi kwamba kikundi kitakachopendeza, mwimbaji wake ataitwa kituoni kuimba mbele ya maikrofoni na kutafutiwa bendi ya kufanya nayo kazi. Mdogo wangu alikuwa akiishi kwa vibarua vya kuchuma kahawa ya watu wachache walioendelea nayo. Alisafiri kuja mjini na mkungu wa ndizi begani, akauweka jikoni kwangu, akasema bila kukaa, "Dada, nisaidie nisikike mara moja tu. Wakinikataa wawe wamenisikia."

Tulinasa katika chumba changu cha kupanga Majengo, Jumamosi kwa Jumamosi, mchana, kwa sababu umeme ulikuwa wa mgao na jioni ulikatika. Tulisimamisha godoro mlangoni, tukatundika mablanketi ukutani. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye mdomo mwepesi, aligonga dirisha.

"Mwalimu, hicho chuma mnachokata humo ndani hakijaisha?"

"Shikamoo mama. Tunafanya muziki."

"Marahaba. Muziki nimeusikia kwenye harusi. Mkikimaliza kukikata mnijulishe, nina bati la banda la kuku."

Tulipoisikiliza njia ya kwanza, mpiga gitaa aliinamisha kichwa. "Ticha, hizi dramu zinasikika kama mtu anatwanga mpunga."

"Atwange tu," mdogo wangu akasema. "Wakulima wa mpunga wa Mabogini wote watakuja hapa kudai mchele wao."

Hata fundi seremala alicheka. Sikumbuki tulicheka pamoja tena baada ya hapo.

Njia ya kwanza ilikuwa ya dramu, ya pili ya gitaa. Ya tatu ilikuwa yake. Alisimama kwenye kona, katikati ya godoro na kabati langu la vitabu, mimi nikiwa nimevaa spika za masikioni. Kabla ya kuanza aliuliza, "Hicho kitabu kinasemaje kuhusu mwimbaji?"

"Kinasema asivizidi vyombo," nikamjibu. "Awe sawa na wengine."

"Kama kwaya."

"Kama kwaya."

"Basi usinifiche sana, dada," akasema, akafumba macho.

Aliimba mara moja, bila kurudia. Baadaye wengine walipokwenda dukani kununua soda, niliirudisha kanda, nikashusha dramu, nikashusha gitaa, nikaiacha njia ya tatu iende yenyewe. Mimi ndiye mtu pekee niliyewahi kuisikia sauti ile ikiwa uchi, bila chombo, bila kanisa, bila fimbo. Mpasuko ulikuja kwenye kiitikio cha ubeti wa pili, katika neno *mawe*, na nywele za mikono yangu zilisimama. Nilijua nilichokuwa nasikiliza. Wanafunzi wangu wangesema sikujua kwa sababu sikuwa na uzoefu. Uzoefu hauhitajiki kwa jambo kama hilo. Nilijua pia kwamba mimi nilisomeshwa, nilipewa mshahara, chumba, kalamu nyekundu na heshima ya kuitwa mwalimu sokoni, na kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo ambacho kingemsimamisha mtu yeyote nywele. Nilizima mashine kabla hawajarudi.

Wiki iliyofuata mpiga gitaa alikuja na mawazo mapya. Wimbo hauna besi, alisema, na yeye anaweza kuipiga. Tena baada ya ubeti wa pili lazima pawe na gitaa la solo. Roki bila solo ni mahubiri bila sadaka. Njia iliyobaki ilikuwa moja. Nikafungua kijitabu, nikawaeleza kwamba ipo namna: sauti zilizo kwenye njia tatu za mwanzo zinaunganishwa na kuhamishiwa njia ya nne kama kitu kimoja, kisha zile tatu zinafutwa na kutumika upya. Wote walifurahi. Walikwenda zao, wakaniachia kazi.

Sasa nieleze kilichoandikwa kwenye kijitabu kile. Kilisema, kwa Kiingereza chepesi ambacho kidato cha kwanza wangekielewa, kwamba sauti zikishaunganishwa hazitenganishwi tena. Kilisema kwa sababu hiyo unganisha kwanza vyombo, na mwimbaji umwache hadi mwisho, kwenye njia yake mwenyewe, kwa kuwa mwimbaji ndiye anayebeba wimbo na lazima awe mbele ya vyombo. Mbele. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo siku nilipopewa mashine, nikausoma tena siku ile ya kuunganisha. Ningeweza kumwita mdogo wangu aje kuimba upya baada ya vyombo kuungana. Ni safari ya saa moja na nusu, na angekuja hata kwa miguu. Nilijiambia kwamba umeme utakatika saa kumi. Nilijiambia kwamba alishaimba vizuri na kumrudisha ni kumsumbua. Kisha nikaviweka vishikio vitatu vilingane, kama mwalimu wa kwaya anavyopanga mabega ya watoto kwa kiganja, nikabonyeza vitufe. Dramu, gitaa na mdogo wangu wakaingia pamoja katika njia ya nne.

Mtu anayejifunza hufanya makosa, na mengi hayana roho. Nilikosea kuweka maikrofoni ya dramu karibu na mlango. Nilikosea kutosafisha kichwa cha mashine. Hayo ni makosa. Lile la pili nililolifanya alasiri hiyohiyo sijalipatia jina.

Besi ilikuwa iingie njia ya kwanza, solo njia ya pili. Ya tatu ilikuwa wazi. Nilikuwa peke yangu, nikaisikiliza njia ya nne, nikasikia kwamba mdogo wangu amezama nusu, kama mtu aliyesimama kwenye mpunga maji yakimfika kifuani. Badala ya kurudi nyuma, niliona shimo, na mimi nilikuwa nimeambiwa tangu nikiwa na miaka kumi na sita kwamba kazi yangu ni kujaza mashimo. Nikavaa spika za masikioni, nikasimama kwenye kona aliyosimama yeye, nikaimba sauti ya pili kuanzia ubeti wa kwanza hadi mwisho. Niliinasa juu ya njia ya tatu. Juu ya kile nilichokuwa nimekisikia peke yangu.

Mpiga gitaa alipomaliza besi na solo yake, nilikaa na vishikio vinne kwa ajili ya mchanganyo wa mwisho. Yeye alikuwa ameketi nyuma yangu, akidai solo ipande, ipande zaidi, na niliipandisha. Sauti ya mdogo wangu haikuwa tena na kishikio chake. Ukimpandisha yeye, unapandisha dramu zilizotwanga mpunga. Sauti yangu ilikuwa na kishikio chake peke yake. Niliigusa kwa kidole kimoja. Ilisogea kwa wepesi wa ajabu, kana kwamba haina uzito.

"Huyo anayesikika hapo ni mdogo wako?" mpiga gitaa aliuliza.

"Ni sisi wawili," nikasema.

"Mnafanana," akasema, akarudi kwenye habari za solo yake.

Kanda ilipigwa Jumapili ya tatu baada ya kuipeleka. Tulikusanyika kwa mama, kule juu, baada ya ibada. Mama alipika mtori wa ndizi, majirani walikuja na viti vyao, redio ikawekwa dirishani ili walioko uani wasikie. Mdogo wangu alivaa gauni lake la Kipaimara lililoongezwa upindo. Hakuwa ameusikia mchanganyo. Kanda ilitoka kwangu ikaenda moja kwa moja posta, na kila alipouliza nilimwambia ngoja uisikie redioni, ndiyo raha yake.

Mtangazaji akatamka Moshi, na uani wakanyamaza. Dramu zikaanza. Gitaa likaingia. Kisha ukasikika ubeti wa kwanza, safi, umepangwa, kila neno mahali pake, kwa sauti yangu. Chini yake, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo wakati wa mvua, kulikuwa na kitu kingine.

Nilimtazama. Alikuwa ameshika bakuli kwa mikono miwili. Kwenye ubeti wa kwanza uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kwa makini ili asikose. Kwenye kiitikio alinigeukia mara moja, akanitazama si kwa hasira, bali kama unavyomtazama mtu ambaye umekuwa ukimfananisha na mwingine. Neno *mawe* lilipofika mara ya pili, solo ilikuwa imeanza mapema na kulifunika. Aliweka bakuli chini.

Majirani walipiga makofi. Wanawake walimkumbatia, mmoja mmoja, wakimpongeza kwa jinsi alivyoimba. Naye mama, ambaye hakuwahi katika maisha yake kumsifu kwa uimbaji kwa sababu alimwonea aibu kanisani, alimshika mashavu mbele ya watu wote, akasema, "Leo mwanangu umetulia. Leo umeimba kama dada yako."

"Asante, mama," mdogo wangu akasema.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Ningeweza kusema. Alinipa hata nafasi. Alinigeukia kabla hajaokota bakuli lake. Nikainuka nikaenda kukoroga mtori ambao haukuhitaji kukorogwa.

Barua ya kituo ilikuja kwa anwani ya shule yangu. Waliusifu wimbo. Walimwomba mpiga gitaa aende Arusha, kwa kuwa kuna bendi ya hoteli iliyohitaji mtu wa solo. Kuhusu mwimbaji walisema ana nidhamu na anaimba vizuri, lakini sauti ya namna hiyo wanayo ya kutosha, hasa kutoka kwaya za makanisa. Niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama kwenye ofisi ya walimu. Waliomkataa hawakuwa wamemsikia. Aliyesikilizwa, akapimwa, akakataliwa alikuwa mimi, na aliyelipa ni yeye. Nilimpelekea habari kwa mdomo, nikiwa nimeifupisha.

"Walisema nini kuhusu kuimba?" aliuliza.

"Hawakusema mengi."

"Walinisikia?"

Nilisema ndiyo. Alitikisa kichwa polepole, akaokota kikapu chake, akaenda kuchuma kahawa ya watu.

Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine. Aliolewa Mabogini, na mwenye mashamba mawili ya mpunga, mtu mwema, akazaa, akawa hodari wa kuotesha miche kwenye matope yaliyomfika magotini. Maji yanayomwagilia mpunga wake yanatoka kwetu juu. Nilipomtembelea alinipikia, akanifungia mchele wa kuondoka nao, akaniita dada. Lakini nilisikia kwa mumewe kwamba haimbi hata akiwa anabembeleza mtoto. Humpigapiga mgongoni kimyakimya hadi alale. Mumewe alidhani ndivyo alivyozaliwa.

Kompyuta zilipofika mjini, fundi mmoja karibu na stendi alianza kusafisha kanda za harusi na kuzihamishia kwenye sidii. Nilimpelekea mashine pamoja na kanda yake, ile yenye njia nne. Nilimwomba anitolee sauti ya mwanamke mmoja na kuiacha ya mwingine. Alisikiliza huku amefumba macho, akakata hapa, akapunguza pale, siku tatu. Niliporudi alikuwa na uso wa huruma.

"Mama, hii yako inayosikika naweza kuitoa, iko peke yake. Lakini ile ya chini imeungana na ngoma na gitaa. Ni mtori, mama. Ndizi ukishaisaga, huwezi kuirudisha kwenye mkungu." Kisha akauliza, kwa udadisi wa kazi tu, "Ni nani aliyeiweka kule chini? Maana huyo wa chini ndiye anayeimba."

Mama yetu alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulibaki sisi wawili tu wa nyumba ile na jambo hili. Baada ya matanga nilikata jani la isale kwenye ua wa kihamba. Kwetu isale hupandwa kwenye mipaka na makaburini, na mtu aliyekosa akitaka msamaha ambao hawezi kuuomba kwa mdomo, hulibeba jani hilo akaenda nalo. Anayepelekewa halikatai. Hata damu ikiwa imemwagika, halikatai. Akilikataa, lawama yote inahamia kwake. Nilikuwa na shahada, nilikuwa nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, nikateremka hadi Mabogini nimebeba jani, kwa sababu lilikuwa chombo pekee nilichokijua ambacho hakishindwi.

Alikuwa uani anapepeta. Nikamsimulia yote: ukurasa wa kijitabu, jibu nililompa kuhusu mwimbaji, njia ya tatu, kishikio, barua. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza alikung'uta ungo, akaulaza, akapokea jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Nimepokea," akasema.

Nikaanza kulia. Aliningoja nimalize.

"Dada, mimi nilijua siku ileile. Sauti yangu naijua. Nilikuwa nangoja uje useme." Aligeuza jani mkononi, akaliangalia mgongoni na tumboni. "Lakini hukupaswa kuja na hili. Ungekuja mikono mitupu ningekujibu. Nilikuwa na jibu, nimekaa nalo miaka yote hii. Sasa umeniletea isale, na isale halijibiwi."

"Nijibu," nikamwambia. "Lirudishe, unijibu."

"Nikilirudisha, mwenye kosa anakuwa mimi." Akasimama, akalichomeka jani kwenye mtungi wa maji karibu na mlango. "Umesamehewa, dada. Kesho ni Jumapili. Lala hapa, twende wote ibadani."

Kanisa la kule ni dogo, kuta zake hazijapigwa lipu, na kwaya huketi mbele ya watu bila kupanda jukwaa. Tulikaa safu ya nne, yeye kulia kwangu, kitabu cha nyimbo kikiwa wazi kati yetu, akikishika upande wake nami upande wangu. Wimbo ulikuwa ule tuliouimba tukiwa wadogo. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nikaanza sauti ya pili, kwa mazoea, kisha nikaipunguza ili nimsikie. Nikaipunguza tena. Upande wangu wa kushoto palikuwa na mzee mwenye besi, mbele yetu wanawake wa sauti ya kwanza, nyuma watoto. Nikanyamaza kabisa, nikainamisha sikio hadi bega langu likagusa lake. Midomo yake iliendelea kutembea, neno kwa neno, ubeti kwa ubeti, na mahali pake hapakutoka sauti yoyote.